Ukiulizwa Hospitalini Umekula Nini, Jibu Kweli

Watu wengi hushangaa, na wengine hukasirika, wanapokwenda hospitali kwa ajili ya kichwa au tumbo, kisha muuguzi akaanza kuwauliza habari za nyumbani. Jana mlikula nini? Maji mnateka wapi? Umekuja kwa gari ama kwa miguu? Mgonjwa hujisemea moyoni, "Mimi nimekuja kutafuta dawa. Habari za sufuria yangu zinamhusu nini huyu?" Makala haya yaeleza kwa nini zinamhusu, na kwa nini yatupasa sisi wakulima na wafugaji kuyajibu maswali hayo bila kuficha.

Kisa cha mzee mmoja

Mwaka wa 2022 ulikuwa mwaka wa ukame mkali. Ulipokwisha, mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili walikuwa wamekufa. Hapa Kajiado kila boma lina hesabu yake, wala hakuna haja ya kuwakumbusha watu.

Wakati huo mzee mmoja wa upande wetu wa Namanga alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge, akaambiwa ameze mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Mzee huyu ni mtu wa kutii maagizo. Lakini nyumbani kwake watu walikuwa wakila mara moja tu, jioni. Basi naye alimeza vidonge mara moja tu, jioni, maana aliambiwa "baada ya chakula". Aliporudi kliniki alipimwa, sukari ikaonekana iko juu. Hakuna aliyemwuliza habari za chakula. Walidhani dawa ni kidogo, wakaiongeza.

Siku moja alitoka kwenda soko la mifugo la Bissil, hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Kwa kuogopa kukaripiwa tena kliniki, safari hii alimeza vidonge vyake asubuhi, na tumbo tupu. Kabla ya saa sita mchana alianguka katikati ya mbuzi, jasho likimtoka na mikono ikitetemeka. Watu walimtia kivulini. Alipopata fahamu kidogo akanyweshwa chai yenye sukari nyingi, kisha akapelekwa kutibiwa. Huko alimkuta muuguzi mmoja mama wa makamo, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, siku hizi kwako mnakula mara ngapi?" Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwambia kweli.

Swali hilo moja lilifanya kazi ambayo vipimo havikuifanya. Dawa ilipangwa upya ifuate mlo wake. Zaidi ya hayo, muuguzi aliandika karatasi, akamwambia mzee aipeleke afisi ya kilimo. Karatasi hiyo iliwekwa juu ya meza yangu. Ilisema maneno machache: mgonjwa wa sukari, nyumbani hakuna chakula cha kutosha, tafadhali mtazameni.

Mimi si daktari. Mimi ni karani wa kilimo, na nilikuwa nimezoea karatasi za mbegu, za chanjo ya ng'ombe na za hesabu ya nyasi. Nasema kweli kwamba siku ile sikujua karatasi ya hospitali niitie katika faili gani.

Tulivyofundishwa ualimu

Kabla ya kuingia kazi hii nilisomea ualimu. Mwalimu wetu mmoja alituonya hivi: ukimwona mtoto anasinzia darasani, usikimbilie kumwadhibu. Kwanza mwulize amekula nini, amelala wapi, na ametembea mwendo gani kuja shule. Mara nyingi utakuta kwamba mtoto si mvivu, ila ana njaa, au amechota maji tangu alfajiri.

Hospitali nayo ni hivyo hivyo. Daktari aweza kuujua ugonjwa vizuri sana, akatoa dawa iliyo bora, na mgonjwa asipone, kwa kuwa kizuizi hakimo mwilini. Kimo nyumbani, au njiani, au mfukoni. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi siku hizi wataalamu wa afya wanataka kila mgonjwa aulizwe maswali machache ya maisha, kama vile anavyopimwa joto na presha. Si maswali ya udaku. Ni kipimo, ila hakitumii sindano.

Maswali yenyewe, na sababu zake

La kwanza ni chakula. Je, mwezi huu kuna siku ambayo nyumbani hapakuwa na chakula kabisa? Kuna mtu aliyelala na njaa? Mwenye sukari anayemeza dawa bila kula aweza kuanguka, kama alivyoanguka mzee wetu. Mgonjwa wa kifua kikuu au wa virusi vya UKIMWI akianza kupata nafuu, njaa humzidi, na asipopata chakula yuko katika hatari ya kuziacha dawa. Mtoto mdogo hupimwa mkono kwa utepe wenye rangi: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ulio chini ya sentimeta 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Lakini utepe huo waonyesha njaa iliyokwisha fanya kazi yake. Swali laweza kuionyesha mapema.

La pili ni maji. Mnateka wapi, ni mbali kiasi gani, na mwapata mitungi mingapi kwa siku? Mama akipewa dawa ya kuharisha ya mtoto ya kuchanganya katika lita moja ya maji safi, na maji aliyo nayo ni ya bwawa wanamonyweshwa ng'ombe, dawa hiyo yaweza kurudisha ugonjwa ule ule. Kadhalika macho. Trakoma ni ugonjwa unaozijua sana nchi kavu za wafugaji. Dawa huuondoa, lakini mtoto asiponawa uso hurudiwa nao.

La tatu ni njia na nauli. Kutoka Namanga mpaka mji wa Kajiado, iliko hospitali kuu ya kaunti, ni zaidi ya kilometa 80. Aliye na boma ndani ya Matapato ana safari ya pikipiki kwanza kabla hajaiona barabara ya lami. Mtu akiambiwa "rudi baada ya wiki mbili", daktari huona ni neno dogo. Kwa mgonjwa, yaweza kuwa ni bei ya mbuzi.

La nne ni nani amebaki nyumbani. Wako watu wanaokataa kulazwa, na wauguzi huwaona wakaidi. Ukimwuliza utasikia kwamba ng'ombe hawana mchungaji, au watoto wameachwa na mtoto mwenzao. Tena mfugaji huhama kufuata malisho, na wengine wetu tuna jamaa ng'ambo ya mpaka, upande wa Longido. Mtu anayetumia dawa za miezi sita za kifua kikuu akiulizwa mapema, "Je, mtahama lini?" hupangiwa dawa za safari, au huandikiwa barua ya kituo cha huko aendako. Asipoulizwa hutoweka, na huandikwa kwamba ametoroka matibabu.

La tano ni nyumba yenyewe. Mnalala wangapi chumba kimoja? Mnapikia ndani? Moshi wa kuni hudhuru mapafu ya watoto wadogo, na kikohozi kisichoisha chaweza kuwa kinatoka mafigani.

La sita ni usalama. Je, kuna mtu nyumbani anayekupiga au unayemwogopa? Swali hili huulizwa mgonjwa akiwa peke yake, mlango umefungwa. Likiulizwa mbele ya mume, au mbele ya mama mkwe, halina faida, na laweza kuleta hatari.

Jambo hili si geni

Msidhani kwamba haya ni mambo yaliyobuniwa juzi. Mwaka wa 1940, huko Pholela katika jimbo la Natal, Afrika Kusini, daktari Sidney Kark na mkewe Emily, naye pia daktari, walifungua kituo cha afya. Waliona watu wamedhoofika kwa kukosa chakula kizuri, wakatambua kwamba chupa za dawa hazitoshi. Wafanyakazi wao walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanakula nini na wanalima nini, kisha wakawafundisha kulima bustani za mboga. Kituo kile cha matibabu kilikuwa pia mlango wa mkulima.

Mwaka wa 1957 kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa akisomea udaktari, Jack Geiger, alikwenda Pholela kujifunza. Miaka kama kumi baadaye yeye na wenzake walifungua kituo cha afya huko Mound Bayou, katika jimbo la Mississippi, mahali pa watu weusi waliokuwa maskini sana. Watoto waliletwa wagonjwa kwa njaa. Madaktari wakaandika chakula katika karatasi ya dawa, wenye karatasi wakaenda kukichukua dukani, na gharama ikalipwa kutoka fungu la dawa. Wakubwa wa serikali walipouliza kwa nini fedha za dawa zinanunua chakula, Geiger alijibu kwamba kwa kadiri alivyosoma, dawa ya utapiamlo ni chakula. Baadaye wenyeji wenyewe waliunda chama cha ushirika cha kilimo, wakalima mboga zao. Wakulima yafaa tukumbuke jambo hilo: karatasi ya daktari iliishia shambani.

Yaliyofanywa hapa Kenya

Hapa kwetu mfano mashuhuri uko Eldoret. Tangu mwaka wa 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianza mradi uitwao AMPATH wa kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Haukupita muda mrefu wakaona kwamba wako wagonjwa waliopewa dawa nzuri na bado wanadhoofika, kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Basi wagonjwa wakawa wanapimwa na kuulizwa hali ya chakula, na mwenye shida akaandikiwa chakula chake na cha watu wa nyumba yake. Sehemu ya chakula hicho ililimwa katika mashamba ya mradi wenyewe, na sehemu ilitoka kwa Shirika la Chakula Duniani. Kwa nini na watu wa nyumba yake? Kwa sababu mama akipewa unga wa mtu mmoja hataula peke yake huku watoto wakimtazama.

Mfano wa pili ni wa upande wa Nyanza, nao unatuhusu zaidi sisi wa kilimo. Kati ya mwaka wa 2016 na 2019 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Marekani walifanya utafiti ulioitwa Shamba Maisha, katika vituo 16 vya afya, kwa watu zaidi ya 700 wenye virusi vya UKIMWI ambao nyumbani mwao chakula kilikuwa haba. Katika nusu ya vituo hivyo, watu walipewa mkopo mdogo, pampu ya maji inayoendeshwa kwa nguvu za mwili bila injini, na mafunzo ya kilimo na ya biashara. Katika nusu nyingine waliendelea na matibabu ya kawaida.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2022, na yafaa yasemwe yote bila kupambwa. Wenye pampu walipungukiwa na njaa, na huzuni iliwapungua pia. Lakini katika kuvituliza virusi mwilini, makundi yote mawili yalifanya vizuri, wala hayakupitana, kwa kuwa katika miaka hiyo matibabu yenyewe yalikuwa yamekuwa bora kila mahali. Kwa hivyo mtu asije akawaambia kwamba shamba ni badala ya dawa. Dawa hufanya kazi yake, na chakula hufanya kazi yake. Mgonjwa ahitaji vyote viwili.

Katika kifua kikuu habari ni nzito zaidi. Dawa zake hutolewa bure hapa Kenya, na watu hudhani basi ugonjwa huo hauna gharama. Serikali ilipochunguza jambo hili mwaka wa 2017 ilionekana kwamba zaidi ya robo ya nyumba zenye mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida zilibebeshwa gharama za kuivunja nyumba: nauli, chakula, na siku za kazi zilizopotea. Kwa wenye kifua kikuu sugu, zilikuwa zaidi ya nyumba nane katika kila kumi. Nako India, katika jimbo la Jharkhand, watu waliokaa nyumba moja na wagonjwa wa kifua kikuu walipewa chakula kila mwezi, nyumba nyingine zikapewa chakula cha mgonjwa peke yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2023 yalionyesha kwamba katika nyumba zilizolishwa watu wote, ugonjwa ulipungua karibu sehemu nne katika kumi. Chakula kilikuwa kinga, kama chanjo.

Na mfano wa tatu ni wa Kajiado yetu wenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti waliona kwamba watoto wa Kimaasai waharisha kwa sababu ya maji, na kuni za kuchemshia ni haba. Waliwachukua watoto 206 wa miaka 5 hadi 16. Wengine waliweka maji yao ya kunywa katika chupa za plastiki juani, juu ya paa, na wengine wakaweka chupa ndani ya nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1996: waliotumia jua waliharisha kidogo kuliko wenzao. Njia hii hata leo yafaa kwa asiye na njia nyingine. Tumia chupa ya plastiki isiyo na rangi, maji yaliyotuama yakawa maangavu, uilaze juani muda wa saa sita, na kukiwa na mawingu mengi uiache siku mbili. Utaona kwamba msaada haukuwa wa gharama. Ulipatikana kwa sababu mtu aliuliza swali la maji.

Swali lisilo na mlango

Sasa nafika mahali penye ugumu. Kumwuliza mtu kama ana njaa, kisha kumwambia "asante, nenda nyumbani", ni kumwongezea jeraha. Amefunua aibu yake bure. Wamarekani walianza mwaka wa 2017 mpango mkubwa wa kuwauliza wagonjwa habari za nyumba, chakula, usafiri, umeme na maji, na usalama. Wengi walioonekana wana shida walikubali kusaidiwa. Lakini ni sehemu ndogo tu ambao iliandikwa kwamba shida yao imekwisha, kwa kuwa mara nyingi kule walikotumwa hakukuwa na kitu cha kutosha. Nchi tajiri ikishindwa hivyo, nasi tuwe waangalifu. Anayeuliza sharti ajue mlango wa kumpeleka mtu. Na aliye mlangoni sharti ajue kwamba watu watakuja.

Je, hapa kwetu milango iko? Iko, ingawa si mipana.

Wa kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali ilisambaza wahudumu kama 100,000 katika nchi nzima, na kila mmoja alipangiwa kama nyumba 100. Huyu hukujia nyumbani. Huna haja ya nauli kumwambia shida yako.

Wa pili ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha ni kwa kupiga *147# katika simu, au kupitia kwa mhudumu wa afya. Huko nako utaulizwa maswali ya nyumba, ili ijulikane utalipa kiasi gani. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Aliyejiandikisha hutibiwa huduma za msingi katika zahanati na kituo cha afya kwa fedha za mfuko wa serikali. Ukijitia utajiri katika maswali hayo kwa kuona haya, utakadiriwa kama tajiri.

Wa tatu ni chifu na afisi ya ustawi wa jamii. Wazee waliotimiza miaka 70 waweza kuombewa fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Katika hospitali kubwa pia yuko afisa wa ustawi wa jamii, na mgonjwa aliyeshindwa na gharama yafaa amwone kabla ya kutoroka.

Wa nne ni kwa anayepigwa au kutishwa nyumbani. Piga simu 1195, haina malipo. Kwa habari ya mtoto anayeteswa, piga 116.

Wa tano ni sisi, afisi ya kilimo na mifugo. Hatuna ghala la kugawa chakula, na mtu asije na tumaini hilo. Lakini tunaweza kumwonyesha mwenye nyumba bustani ya gunia: gunia moja, udongo uliochanganywa na samadi, mawe katikati ya kupitishia maji, na miche ya sukuma wiki au mchicha pande zote. Hunyweshwa maji yaliyooshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi. Kwa mji mkavu kama Namanga, gunia hilo laweza kutoa mboga mahali ambapo shamba haliwezi. Tunaweza kumshauri juu ya kuku, mbuzi wa maziwa, na kuhifadhi nyasi. Na kwa mfugaji mgonjwa, Bwana Mifugo aweza kushauriana na majirani zake juu ya mifugo yake wakati yeye yuko kitandani.

Mambo ya kushika

Kwa mgonjwa: Jibu kweli. Usiseme umekula kwa kuwa jirani yako amekaa karibu; omba kusema faraghani, ni haki yako. Ukiambiwa dawa ni "baada ya chakula", nawe wala mara moja kwa siku, sema hapo hapo. Usijipunguzie wala kujiongezea dawa mwenyewe. Kama nauli ya kurudi huna, sema kabla hujapewa tarehe, si baada ya kuikosa. Swali usilotaka kulijibu unaweza kukataa, wala usinyimwe matibabu kwa hilo.

Kwa wauguzi na madaktari, nasema kwa heshima: ulizeni kwa sauti ya chini, kwa lugha anayoielewa mtu, na ikiwezekana kwa Kimaasai kwa asiyejua Kiswahili. Msimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri habari za njaa ya nyumbani kwao. Mwelezeni kwanza kwa nini mnauliza. Yaliyoandikwa yatunzwe, sheria ya Kenya ya mwaka wa 2019 ya kulinda habari za watu yataka hivyo, na hata kama isingetaka, heshima yataka.

Kwetu sisi wa afisi: karatasi ya muuguzi ikija, isikae chini ya karatasi nyingine.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi watu wengi siku hizi hawafichi. Hukaa foleni tangu alfajiri wakitafuta kuyaonyesha. Kinachofichwa ni njaa, kwa kuwa mwanamume mwenye boma huona haya kusema kwamba jiko lake halikuwashwa. Lakini mwaka wa 2022 ulituonyesha kwamba ukame hauulizi nani alikuwa na ng'ombe wengi.

Ama yule mzee, hakutajirika. Ana magunia matatu ya sukuma wiki kando ya nyumba, na kuku. Mvua ziliporudi alianza tena na mbuzi wachache. Jambo kubwa ni kwamba anakula asubuhi na jioni, na vidonge vyake anavimeza asubuhi na jioni. Alipokuja afisini mara ya mwisho alinitania, "Kijana wangu, siku ile ulipoisoma ile karatasi ulinitazama kama ng'ombe aliyepotea njia." Nilicheka, kwa kuwa ni kweli. Sasa liko faili la karatasi hizo juu ya rafu yangu. Bado ni jembamba. Natumaini wauguzi wa Namanga, Bissil, Kajiado na Kitengela watalinenepesha, na wakulima watajibu kweli wanapoulizwa.